MTOTO NA KIBIRITI: SOMO KWA WENYE MASHAMBA



Somo letu la safari hii ni juu ya watoto wanaochezea moto, na namna ya kuwafundisha hata wakajua kuutumia bila ya kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Huenda mtu akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na karafuu? Lina uhusiano mkubwa. Mkarafuu hukaa miaka 6 hata 8 ndipo uanze kuzaa, na ukitunzwa vizuri huweza kumzika aliyeupanda na mwanawe pia. Lakini gome lake ni jembamba, na mizizi yake mingi midogo, ile inayonyonya maji na chakula, iko karibu na uso wa ardhi. Moto wa majani makavu ukipita chini yake kwa dakika chache tu waweza kuharibu kazi ya miaka yote hiyo. Moto kama huo hauhitaji adui wa kuuwasha. Njiti moja katika mkono wa mtoto asiyekusudia ubaya yatosha.

Tena mkarafuu ukifa hupandwa mwingine. Mtoto hapandwi tena. Kwa hiyo naomba kila mwanachama alisome somo hili pamoja na watu wa nyumbani kwake, na wale wanaojua kusoma wawasomee wazee.

1. TUTAZAME KWANZA MKOTOKUYANA

Mkotokuyana ni kata katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, upande wa Bara. Nchi hiyo, pamoja na Ruangwa iliyo jirani yake, haina karafuu. Zao lao kubwa la miti ni korosho, na pamoja nalo hulima ufuta, mihogo, mahindi na mbaazi. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mambo ya mtoto na moto, ambayo kwetu visiwani aghalabu hufichwa na unyevu, kule huonekana wazi. Mwenye kutazama ya jirani hujifunza ya kwake.

Sisi tuna mvua za masika na za vuli. Wao wana msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo huja kiangazi cha miezi mingi. Majani ya porini hukauka yakawa kama karatasi, na miti hupukutisha majani yake chini. Sasa angalia jambo hili: korosho nazo huanza kuanguka wakati huohuo wa ukavu, kuanzia karibu na Septemba mpaka Desemba au Januari. Yaani mavuno na hatari ya moto huja pamoja. Mkulima ambaye hakusafisha chini ya mikorosho yake aweza kuona korosho, majani na matawi vikiteketea katika alasiri moja.

Mtoto wa nchi hiyo hukutana na moto kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni jikoni. Chakula hupikwa kwa kuni juu ya mafiga, na mtoto mdogo hutumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, akalileta juu ya kigae.

Njia ya pili ni shambani. Wazee wanaposafisha shamba hukusanya takataka na kuzichoma, na mara nyingine mtoto huambiwa abaki kuuangalia moto, wakubwa wakaendelea na kazi nyingine.

Njia ya tatu ni mawindo. Kusini, panya wa porini ni kitoweo kinachopendwa na watu wengi. Vijana huwatafuta wakati wa kiangazi, na baadhi yao huwasha majani ili panya watoke au mashimo yao yaonekane. Mwindaji akisha kupata kitoweo chake hurudi nyumbani, lakini moto wake haurudi pamoja naye.

Njia ya nne ni korosho yenyewe. Watoto hupenda kuchoma korosho juu ya kipande cha bati. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi hata bila ya moto. Yakipata joto hutoka nje ya ganda, huruka, na huwaka ghafula kwa mwali mkubwa. Mtu mzima hujua kusimama upande utokako upepo, kutumia kijiti kirefu, na kuwa na mchanga tayari wa kuzimia. Mtoto huchutama karibu na kuinamisha uso atazame kama zimeiva.

Katika njia zote nne hizo mtoto hakuvumbua kitu. Ama alitumwa na wakubwa, ama aliwaona wakubwa wakifanya. Basi na sisi tujitazame. Kwetu mtoto huona jiko la mkaa sebuleni, koroboi karibu na kitanda umeme unapokatika, tanuri la mkaa na tanuu la chokaa, watu wanaorina asali kwa mwenge, na takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Huona kibiriti cha gesi katika mfuko wa baba anayevuta sigara. Huona jiko la gesi la mama. Huona petroli ya bodaboda imetiwa katika chupa ya maji ya kunywa na kuwekwa pembeni ya mlango. Nyumba zetu zimejaa moto, wala hakuna aliyekaa na mtoto akamwambia moto ni nini.

2. KWA NINI MTOTO HUCHEZEA MOTO

Ili kumfundisha mtoto hapana budi kwanza tujue sababu yake, kwani sababu hubadilika kwa umri.

Mtoto wa miaka 2 mpaka 5 hutaka kujua tu. Moto unang'aa, unacheza, unabadilisha rangi, na unakula karatasi. Kwake yeye ni kitu kilicho hai. Hajui kwamba mwali mdogo na mwali mkubwa ni kitu kimoja, wala hawezi kufikiri kwamba karatasi itawasha shuka, na shuka itawasha makuti. Mtoto wa umri huu ndiye anayejifungia chumbani au kuingia uvunguni mwa kitanda na kibiriti, na hapo uvunguni ndipo penye nguo na mikeka.

Mtoto wa miaka 6 mpaka 9 huiga. Amemwona mama akiwasha jiko, naye awasha jiko la vifuu kwa kupikia mchanga. Anataka kuwa mkubwa. Anajua kwamba moto unaunguza, lakini hajui namna ya kuuzima ukimshinda.

Mtoto wa miaka 10 mpaka 14 huwa na wenzake. Mmoja huthubutu, wa pili huchochea, wa tatu huona haya kusema hapana. Hawa ndio wanaowasha majani makavu na kutupa makopo ya dawa ya mbu motoni ili yapasuke.

Kuna na watoto wachache wa namna nyingine, wanaowasha moto kwa siri mara kwa mara, au wanaochoma vitu vya mtu fulani. Aghalabu mtoto wa namna hii ana jambo moyoni: pengine amefiwa, pengine wazazi wameachana, pengine kuna mtu anayemtesa. Huyo asiitwe shetani. Mzazi akae naye, amwone mwalimu wake, na amwendee afisa wa ustawi wa jamii. Iko pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, ambayo haina malipo.

3. MAMBO MATATU TUYAFANYAYO YASIYOFAA

La kwanza ni fimbo. Mtoto akikamatwa na kibiriti hupigwa, na mzee huona kazi imekwisha. Lakini tufikiri mtoto yule alijifunza nini. Hakujifunza habari ya moto. Alijifunza habari ya fimbo. Safari ya pili atawasha mahali pasipoonekana, na mahali pasipoonekana ndipo penye hatari kuliko pote. Moto ukimshinda hataita mtu. Atakimbia ajifiche, na mtoto mdogo hujificha ndani, uvunguni au nyuma ya kabati, katika nyumba ileile inayoungua. Wazima moto wa nchi nyingi wamewakuta watoto mahali hapo. Mtoto anayeogopa fimbo kuliko moto atakimbia fimbo, wala hatakimbia moto.

Naomba wazazi wapime neno hili, kwa kuwa ndilo kubwa katika somo letu lote. Tunamtaka mtoto ambaye, akiona moto, hata kama ameuwasha mwenyewe, atatoka mbio na kupiga kelele, "Moto! Moto!" Mtoto huyo hapatikani katika nyumba ambayo kusema kweli huleta kipigo.

Jambo la pili ni ile methali tuipendayo, mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo ina mahali pake. Wembe hukata kidole kimoja, na mtoto akajifunza. Moto haukati kidole kimoja. Mtoto akiachiwa ajifunze moto kwa kuungua, huenda akajifunza pamoja naye nyumba nzima na jirani wa pande mbili, hasa palipo na mapaa ya makuti yanayogusana.

Jambo la tatu ni kuficha kibiriti bila ya kufundisha. Kuficha ni lazima, nami nitalieleza, lakini hakutoshi. Mtoto atakwenda kwa jirani, dukani, skuli, na huko atakuta kile kilichofichwa nyumbani.

Tena moto wa siri si wa watoto wadogo peke yao. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti 2009, bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, liliungua, na wanafunzi 12 wakafa. Ilielezwa wakati ule kwamba moto ulitokana na mshumaa wa kujisomea baada ya taa kuzimwa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, zaidi ya wasichana 40 walikufa katika moto wa bweni la Shule ya Shauritanga, Kilimanjaro. Na mwezi wa Septemba 2020 wanafunzi wasiopungua 10 walikufa katika bweni la Shule ya Msingi ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Watoto wetu wengi hulala dahalia. Mtoto aliyezoeshwa kwao kusema, "Kuna mshumaa unawaka pale," aweza kuokoa chumba kizima.

4. NAMNA YA KUFUNDISHA

Katika vijiji vya Kilwa, mkoa huohuo wa Lindi, wako wanavijiji wenye misitu ya mpingo waliofundishwa kuchoma mapema. Maana yake, mwanzoni mwa kiangazi, majani yangali na umaji kidogo, huchoma sehemu ndogondogo kwa mpango, watu wakiwa wamesimama na matawi mabichi. Moto huo huwa mdogo na mtulivu. Ukija ule moto mkali wa Septemba na Oktoba, hukuta hakuna cha kula, ukafa wenyewe.

Kufundisha watoto nako ni hivyo. Tumpe mtoto moto mdogo mapema, mbele ya macho yetu, ili asiutafute mkubwa peke yake. Na tufuate umri wake.

Kwa wadogo wa chini ya miaka 6 somo ni moja tu: kibiriti ni chombo cha wakubwa, kama kisu cha mchinjaji. Ukikiona usikiguse, njoo uniite. Mtoto akija kuita, asifiwe mbele ya watu. Hata kama mzee yuko katika mazungumzo, aache, aende akakiokote. Katika umri huu ndipo kuficha kunapokuwa faradhi. Viberiti vyote, vya njiti na vya gesi, viwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, sheria inataka vibiriti vya gesi vitengenezwe kwa namna ya kumzuia mtoto wa chini ya miaka 5 asiviwashe kwa urahisi. Sisi tusitegemee kwamba kila tunachonunua dukani kina kizuizi hicho; na hata chenye kizuizi si mlezi. Petroli na mafuta ya taa visitiwe kabisa katika chupa za maji au soda, kwa kuwa mtoto huzinywa pia.

Kwa wa miaka 6 mpaka 9, mfundishe moto ni kitu gani. Chukua sahani, tia mchanga, simamisha mshumaa, uwashe. Mwambie: moto unataka vitu vitatu, kitu cha kuungua, hewa, na joto. Kisha funika mshumaa kwa gilasi. Ataona mwali unapungua na kufa, kwa kuwa hewa imekwisha. Mpe maji azime njiti. Mpe mchanga azime kaa. Sasa mtoto ameshajua kuzima kabla ya kujua kuwasha, na huo ndio utaratibu unaofaa. Mtoto wa umri huu amsaidie mama jikoni katika kazi zisizo za mwali: kuleta maji, kufagia majani yaliyo karibu na jiko, kumzuia mdogo wake asikaribie.

Kwa wa miaka 10 na zaidi, mpe kazi yenye dhamana, nawe uwepo. Hapa chini naandika mazungumzo mafupi ya baba na mwanawe, yapate kusomwa majumbani.

Baba: Njoo mwanangu, leo utanisaidia kuchoma takataka. Haya, cha kwanza nini?

Mtoto: Kibiriti, baba.

Baba: Kibiriti ni cha mwisho. Cha kwanza ni maji. Kalete ndoo mbili, na jembe.

Mtoto: Haya, nimeleta. Jembe la nini?

Baba: La kukwangua. Tutazungushia takataka zetu ardhi tupu, hatua tatu kila upande, isibaki hata jani moja. Moto hauvuki palipo wazi, ila ukibebwa. Nani huubeba?

Mtoto: Upepo.

Baba: Vyema. Rusha majani haya makavu juu, utazame yaenda wapi.

Mtoto: Yaenda upande wa mikarafuu, baba.

Baba: Basi leo hatuwashi.

Mtoto: Hata kidogo tu?

Baba: Hata kidogo. Tutangoja asubuhi, umande ungalipo na upepo umelala. Mwenye kujua moto hujua na siku ya kuuacha.

Na asubuhi watakapowasha, kuna kanuni moja ambayo baba lazima amwonyeshe kwa vitendo: aliyewasha haondoki. Atakaa mpaka mwisho, atamwaga maji, atakoroga majivu kwa kijiti, atamwaga tena. Majivu meupe huweza kuficha makaa mekundu kwa saa nyingi, na watoto wengi huungua nyayo kwa kukanyaga majivu waliyodhani yamepoa. Hali kadhalika tanuri la mkaa: juu ni udongo, chini ni moto, na udongo huo huweza kudidimia chini ya miguu ya mtoto. Tanuri lizungushiwe miiba au vijiti.

5. MOTO UKITOKEA NYUMBANI

Mambo haya mtoto ayafanyie mazoezi kama anavyofanya mazoezi ya sala, kwa mwili wake, wala yasiishie kuambiwa kwa mdomo.

Toka nje kwanza. Usirudi kuchukua kitu chochote, si kiatu, si simu, si msahafu, si mbuzi. Kila nyumba iwe na mahali pa kukutania nje, mathalan chini ya mwembe fulani, ili wazazi wahesabu watoto wao mara moja.

Moshi ukijaa, tambaa. Moshi na joto hupanda juu. Hewa njema kidogo hubaki chini, karibu na sakafu. Moshi huua hata pale ambapo mwali haujafika.

Usijifiche. Mwambie mtoto wazi kwamba hakuna adhabu kwa anayetoka na kuita, awe ameuwasha yeye au hakuuwasha. Kisha mzazi atimize ahadi hiyo.

Nguo ikishika moto, usikimbie, kwa kuwa kukimbia huuchochea. Simama, lala chini, funika uso kwa mikono, bingirika mpaka moto ufe. Wasichana wanaopika na kanga wafunge ncha zake vizuri.

Kwa wakubwa: mafuta ya kukaangia yakiwaka, usimwagie maji, funika kwa mfuniko na uondoe moto chini yake. Petroli na mafuta ya taa huzimwa kwa mchanga. Nyumba yenye nondo madirishani iwe na mlango wa pili unaofunguka kwa ndani upesi, na ufunguo ujulikane na watoto. Na tuwaite wazima moto mapema, tusingoje mpaka paa lishike. Upande wa Bara namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Sisi wa visiwani kila mmoja aandike namba ya kituo cha zimamoto kilicho karibu naye na kuibandika nyuma ya mlango.

Sisi tuliopita chuoni twajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuacha moto unawaka majumbani watu wanapolala. Neno hilo ni la manufaa kwa watu wa dini zote. Mzazi akimpa mtoto mkubwa kazi ya kukagua jiko na koroboi kila usiku kabla ya kulala, atakuwa amemfundisha zaidi kuliko kwa maneno mia.

6. MTOTO AKIUNGUA

Mwondoe penye moto, kisha mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Nasema 20, si 2. Maji hayo hutoa joto lililobaki ndani ya nyama, nayo ndiyo dawa ya kwanza na iliyo bora. Barafu haifai. Wakati huo mfunike sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi. Vua bangili, pete na nguo, ila nguo iliyogandia ngozi iachwe.

Usipake dawa ya meno, wala samli, wala mafuta, wala ute wa yai, wala unga, wala tope. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta uchafu katika kidonda, tena daktari hulazimika kuvibandua, na mtoto hulia mara mbili. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Kidonda kilicho kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kilicho usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo, kisingojewe hata siku moja. Aliyevuta moshi mwingi naye apelekwe, hata kama hana kidonda.

Nyumba yenye mtoto wa kifafa iwe na jiko lililoinuliwa au lililozungushiwa. Watoto hao huanguka motoni ghafula, na wako watu wanaoogopa kuwagusa kwa kudhani ugonjwa huambukiza kwa povu. Kifafa hakiambukizi hivyo. Mvute mtoto upesi.

7. KATIKA MASHAMBA NA KAMBI ZETU

Msimu wa kuchuma, familia nzima huhamia mashambani, na watoto huokota karafuu zilizoanguka. Hapo napendekeza kwa wanachama mambo haya.

Kila kambi iwe na jiko moja tu, mahali palipokwanguliwa, mbali na mikarafuu, mbali na majamvi ya kuanikia, na mbali na malundo ya makonyo. Makonyo makavu yana mafuta, na yakishika moto hayazimiki kwa urahisi.

Kila siku ajulikane mtu mzima mmoja mwenye zamu ya moto na watoto. Wachumaji wote wakiwa juu ya miti, watoto walio chini hawana mlezi, na hapo ndipo kibiriti kilichosahauliwa hupata mwenyewe.

Mvuta sigara asivute shambani wakati wa jua la kaskazi, wala asimtume mtoto kumwashia.

Nyasi zifyekwe chini ya miti kabla ya ukavu, na mpaka wa shamba ukwanguliwe. Wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa wanajua faida ya kazi hiyo, kwa kuwa chini ya mkorosho uliosafishwa korosho huonekana na moto hukosa njia.

Anayetaka kuchoma takataka awaarifu majirani wake. Sheria ya Misitu ya Bara ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya uchomaji wa majani, na mwenye kuwasha ovyo huweza kushitakiwa. Lakini hata pasipokuwa na askari, ujirani wataka hivyo.

8. MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA MATAWI

Kwanza: Katika nyumba yako kuna viberiti vingapi, na viko wapi sasa hivi? Inuka ukatazame kabla ya kujibu.

Pili: Ukimwuliza mwanao faraghani, "Ukiona moto chumbani, utafanya nini?", atajibu nini? Je, atasema ataita, au atasema ataogopa kupigwa?

Tatu: Ni moto gani watoto wako wanaoona ukiuwasha kila siku, na ni upi kati yao uliowaeleza?

Nne: Watoto wa tawi lako wakienda kuchuma nawe msimu huu, nani atakuwa mwenye zamu?

Makatibu wa matawi waandike majibu ya swali la nne na kuyaleta katika mkutano wetu kabla ya uchumaji kuanza, ili majina ya wenye zamu yasomwe mbele ya wanachama wote na kila mzazi ajue amemwachia nani mwanawe.

Wenu katika kazi,

KATIBU WA CHAMA